Somo: Kukagua gita kavu (lisilotumia umeme) la bei nafuu kabla hujatoa hela

Habari za jioni wanakikundi. Juzi nilimsindikiza kijana mmoja hapa Ngamiani, Tanga, akanunue gita lake la kwanza. Akalichukua, akachezesha nyuzi mara mbili, akasema "linalia vizuri", mkono ukaenda mfukoni. Nikamzuia. Gita jipya karibu lote hulia vizuri siku hiyo dukani. Mimi nataka kujua kama litafika masika ya pili likiwa zima.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Gita langu la kwanza nililinunua Dar, jekundu, linang'aa kama kioo. Mvua zilipoanza, daraja (kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi pale tumboni) likaanza kuachia kwa nyuma. Nyuzi zikapanda, vidole vikawa vinauma kila nikicheza. Usiku mmoja wa mwezi wa 5 likang'oka lenyewe, mlio kama mlango umebamizwa na upepo. Nilikaa kitandani nalilia kama mtoto.

Nyuzi sita za chuma zikishakazwa zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 70, usiku na mchana. Ongeza na unyevu wetu: watengenezaji wengi hupendekeza gita likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na pwani tuko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Ndiyo maana naanzia mbali na sauti.

Hatua ya 1: Shingo. Fanya kama seremala anayepima ubao. Weka jicho moja kichwani mwa gita, tazama freti zote (vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni) hadi kwenye tundu la sauti. Shingo iliyojisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, rudisha gita hapohapo, hata wakupunguzie nusu bei. Iliyopinda kidogo kwenda mbele inarekebishika, mradi ina chuma cha kuinyooshea ndani. Tafuta tundu la kuingiza alenki (ufunguo wa pembe sita wa kukazia chuma hicho), ama kichwani chini ya kifuniko kidogo, ama ndani ya tundu la sauti. Kama gita la nyuzi za chuma halina, liache.

Hatua ya 2: Daraja. Hapa usiwe na haraka. Chukua kipande cha karatasi, risiti inafaa, ujaribu kukipenyeza chini ya daraja kwa nyuma. Kikiingia hata kidogo tu, gundi imeanza kuachia. Halafu inama, tazama tumbo kwa ubavuni: kuvimba kidogo nyuma ya daraja ni kawaida, kuvimba kama andazi siyo. Washa tochi ya simu uchungulie ndani. Utaona vibao vilivyogundishwa chini ya ubao wa juu, vinafanya kazi kama mataruma ya jahazi. Bisha hodi taratibu kwa kidole huku na huku. Ukisikia mtetemo wa kitu kilicholegea, taruma limeachia.

Hatua ya 3: Urefu wa nyuzi. Huhitaji kifaa. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Panga kadi tatu juu ya freti ya 12, chini ya uzi mnene kabisa: zikiingia bila kuusukuma na bila kubaki nafasi kubwa, uko kwenye milimita 2.3, pazuri. Uzi mwembamba, kadi mbili zinatosha. Zikiingia tano, mwanafunzi ataacha gita ndani ya mwezi akidhani hana kipaji, kumbe tatizo ni gita. Hili linaniuma sana, nimeona watoto wengi wakipotea hivyo.

Hatua ya 4: Sasa sikiliza. Nyuzi 6, freti 12, sauti 72. Bonyeza moja moja, zote, muuzaji akinuna mwache anune. Tafuta panapokwaruza au panapozima haraka. Kisha gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, usikie ule mlio wa kengele; halafu ubonyeze palepale. Sauti mbili hizo zinatakiwa zilingane. Programu ya kutyunia kwenye simu itakuambia.

Funguo za kichwani, zile za kukazia nyuzi, zizunguke laini, basi.

MASWALI

Kaka wa Muheza: Mwalimu, nisubiri nipate la mbao nzima au ninunue la plaiwudi?

Tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja mpaka chini, ni mbao nzima, kama ilivyo Yamaha FG800. Ukiona tabaka kama chapati, ni plaiwudi. Mbao nzima inalia kwa utamu zaidi, sibishani. Lakini plaiwudi haihangaishwi sana na unyevu, na plaiwudi iliyogundishwa vizuri nitaichukua kabla ya mbao nzima yenye shingo mbovu. Usisubiri.

Mama wa Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, ameanza kulilia gita. Nimnunulie la ukubwa gani?

Marahaba mama. Mtafutie la robo tatu, lenye nyuzi za nailoni, vidole vyake vitakushukuru. Vipimo vya hatua ya kwanza na ya pili vifanye vilevile, ila la nailoni mara nyingi halina chuma shingoni na hilo ni sawa.

Dada wa Pangani: Hilo la nailoni naweza kulifunga nyuzi za chuma ili lilie kwa nguvu?

Hapana dada, tafadhali. Limejengwa kubeba mvuto wa kama kilo 40. Ukilifunga za chuma utapata usiku kama wangu ule wa mwezi wa 5.

Kaka wa Raskazone: Naishi karibu kabisa na bahari, nyuzi zinashika kutu wiki mbili tu.

Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza kucheza, juu na chini yake. Gita likae kwenye begi lake, mbali na dirisha na ukuta wa nje, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke humo. Mimi nina kumi na viwili ndani ya begi langu sasa hivi.