Jinsi ya kutesti na kubalansi gemu ya vita vya Tanga 1914 kwa vizibo vya soda

Aisee mliokuwa mnaniuliza ile gemu ya Tanga tunayocheza hapa Moshi nimeifikishaje mpaka kila upande unaweza kushinda, ngoja niwaambie, maana mwanzoni ilikuwa takataka.

Vifaa ni manila mbili nimeziunga kwa solotepu, maka peni, dadu mbili na vizibo nilivyoomba kwa Mangi. Kizibo kimoja ni askari 100. Shida ikaanzia hapo hapo, kwasababu Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na jeshi la kama watu 8,000 lililotoka India, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliokuwa wanatawala huku, mpaka mwisho alikuwa na kama 1,000 tu, kwahiyo ni vizibo 80 kwa 10. Mechi ya kwanza dogo kanimaliza raundi ya tatu, chai yangu bado ya moto.

Nikakosea, nikaongeza vya Mjerumani vikafika 25. Usifanye hivyo. Gemu ikabalansi kweli ila haikuwa Tanga tena, ilikuwa drafti. Idadi iache kama ilivyokuwa, chezea muda, na nani anajua nini, na kushinda maana yake nini.

Muda ndo rahisi. Raundi ziko 9, kuanzia usiku wa tarehe 2 hadi mchana wa tarehe 5. Mwingereza hashushi zaidi ya vizibo 15 kwa raundi, maana watu walishushwa kwa mashua pale Ras Kasone kwenye mikoko, na kizibo kilichoshuka raundi hii hakitembei, hao jamaa walikaa melini wiki kibao wakitapika. Mjerumani anaanza na viwili, halafu vinaongezeka viwili viwili kwa treni inayotoka huku kwetu Moshi, mpaka asubuhi ya tarehe 4 wametimia 10.

Sasa hili la nani anajua nini limenichosha kichwa wiki mbili. Nilimwita rafiki yangu mwalimu wa historia, nikidhani ndo tester mzuri, kumbe ndo mbaya kuliko wote, anajua mjini siku ya kwanza karibu hakuna mtu kwahiyo anakimbilia moja kwa moja, wakati Jenerali Aitken, mkuu wa Waingereza, mwenyewe hakujua. Dawa yake: namba naandika ndani ya kizibo cha Mjerumani kwa maka peni, nakilaza kifudifudi, na nachanganya na vizibo 6 vyenye sifuri. Mwingereza akiona vinane vimejipanga kwenye reli hajui ni watu au ni hewa. Tukarudia mechi, mwalimu kasimama raundi mbili nzima anakuna kidevu, nikajua hapa imekubali.

Kushinda: Mwingereza ashike mji raundi ya 9. Mjerumani asipoteze zaidi ya vizibo 3 hata kama mji anao, maana Lettow hakuweza kuletewa wengine kutoka Ujerumani, meli za Uingereza zilitawala bahari. Hiyo kanuni moja imewafanya watu waache kujilipua.

Nyuki je? Ndiyo wamo, waliwauma kweli siku ile. Dadu zikitoka sita mbili, vizibo vyote vilivyogusana na adui vinarudi hatua moja, vya pande zote, nyuki hawana chama.

Kwenye kutesti kwenyewe, badilisha kitu kimoja tu kwa mechi, ukibadili vitatu hutajua kipi kimesaidia. Wachezaji wabadilishane pande. Daftarini andika nani kashinda, raundi ya ngapi, na wapi wamebishana, hapo pa kubishana ndo sheria yako mbovu. Mechi tatu mfululizo Mjerumani kashinda isikutishe, ngoja zifike kumi, zikiwa 6 kwa 4 mimi naridhika. Na ufunge mdomo. Jamaa mmoja wa bodaboda alipitisha jeshi zima juu ya mikoko, nikataka kupiga kelele, kumbe rangi yangu ya mikoko na ya mashamba ni ile ile, kosa la ramani.

Ya mwisho wape karatasi ya sheria watu wawili wasioijua gemu, wewe toka nje. Mimi nilikaa barazani kama dakika arobaini hivi, wakaniita kuuliza swali moja: nyuki wanaweza kushambulia treni?

Nimeongeza mstari. Hawawezi.