Kabla ya Kubadilisha Betri ya Kompyuta Mpakato Kuukuu

Mkaazi wa Lamu anayeagiza betri isiyo ya kompyuta yake hulipia kosa hilo mara mbili, kwa kuwa kifurushi kinachotoka Mombasa kwa barabara hushushwa Mokowe, huvushwa kwa boti hadi kisiwani, na kikiwa sicho hakina budi kurudi kwa njia iyo hiyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Kwanza ithibitishwe kwamba betri ndiyo yenye kasoro. Kompyuta inayozimika punde stima inapopotea huenda imechoka betri, lakini huenda pia chaja haipeleki umeme, au tundu lake limeshika kutu kwa hewa ya chumvi. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport, ikiandikwa katika dirisha la amri (Command Prompt), hutoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao sasa. Iwapo kati ya miliwati-saa (kipimo cha uwezo huo) 48,000 zimesalia 20,000, betri imekwisha, lakini zikisalia 40,000, tatizo litafutwe kwengine. Saa inayorudi tarehe za zamani kila mashine inapozimwa ni dalili ya betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, nayo ni kitu chengine na bei yake ni ndogo.

Penye uvimbe hapana haja ya kupima. Ukiona kibodi imeinuka, padi ya kugusa haibonyezeki, au kompyuta haikai sawa juu ya meza, izime, chomoa chaja, wala usiibonyeze wala kuidunga betri, kwa sababu gesi imejikusanya ndani yake na moto wa lithiamu ni mgumu kuuzima. Hiyo ni kazi ya fundi.

Jambo la pili ni kama mashine yenyewe yastahili gharama. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyopokea Windows 11 bado yaweza kutumika kwa Linux, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta. Kwa maoni yangu, ikiwa kioo na bawaba ni nzima, inafaa kuhudumiwa.

Katika kuagiza, usitegemee jina lililoandikwa kwenye kifuniko, kwani modeli moja huweza kutoka kiwandani na betri za aina mbalimbali. Fungua, usome namba iliyochapishwa kwenye betri yenyewe, uipige picha pamoja na umbo la plagi yake. Volti zilingane: 10.8 na 11.1 huhesabiwa kuwa sawa, lakini 14.8 haiingii mahali pa 11.1 hata kidogo. Wati-saa zikizidi si neno, maadamu betri inaenea mahali pake. Muulize muuzaji tarehe ya kutengenezwa, kwa kuwa betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa rafuni, na kwa sababu hiyo hiyo kununua mbili ili moja iwe akiba si hekima. Anayeagiza ng'ambo ajue kwamba tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za namna hii zikifungwa peke yake haziruhusiwi kuwa mizigo katika ndege za abiria, hivyo asishangae zikichelewa.

Siku ya kazi ikifika, nakili mafaili yako kwanza, uiache betri ya zamani ishuke hadi kama asilimia 25, kisha uzime kabisa na kuchomoa chaja. Barazani pana mwangaza mzuri, lakini upepo wa kusi huleta mchanga, afadhali ndani. Skrubu zipangwe katika trei ya mayai kwa mpangilio wa zilivyotoka, maana hutofautiana urefu, na ndefu ikitiwa tundu la fupi yaweza kuharibu bodi. Plagi ya betri ndiyo ichomolewe mwanzo kabla ya kugusa chochote, kwa kipande cha plastiki wala si bisibisi.

Betri iliyotolewa ibandikwe utepe kwenye ncha zake za chuma na iwekwe pakavu, mbali na watoto, hadi ipatikane nafasi ya kuikabidhi kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Isitupwe jaani, ambako taka huchomwa moto.