SOMO: Kuchimba data za kondo la nyuma. Anzia leba, usianzie maabara

Swali la "nianzie wapi?" linarudi kila wiki, kwa wanaotaka kuchimba data, yaani kutumia kompyuta kusaka mambo yanayojirudia kwenye rekodi nyingi za kondo. Naliandika hapa, tuishie hapa.

1. Kibali cha maadili kwanza, hata kwa mafaili ya zamani.

2. Toa majina. Mama apewe namba badala ya jina, na mtoto apewe yake. Aliyepewa rufaa kutoka hospitali ya Amana kwenda ya Muhimbili anaweza kuwa na faili mbili. Hakikisha humhesabu mara mbili.

3. Orodha ya akina mama itoke rejista ya leba, MTUHA 12 (kitabu namba 12 cha kumbukumbu za afya Tanzania), ndipo uiunganishe na ripoti za patholojia, yaani za maabara inayochunguza kondo. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Kondo linalofika maabara mara nyingi ni la njiti, la mtoto aliyezaliwa mfu, au la mama mwenye kifafa cha mimba. La aliyejifungua salama huishia shimo la kondo. Ukianza na ripoti za maabara pekee, programu ya kompyuta unayoifundisha kwa data hizo itakuonyesha kasoro kila mahali, kumbe imejifunza tu nani hupelekewa maabara. Tahadhari: ripoti elfu kumi hazitibu kosa hili. Sababu ya kupelekwa iwe na safu yake, hesabu ambao hawakupelekwa, na ukiweza kusanya makondo ya waliojifungua salama kwa bahati nasibu.

4. Majina ya kasoro yafuate makubaliano ya Amsterdam, ya wataalamu wa patholojia kuhusu kupima na kuripoti kondo, yaliyochapishwa 2016.

5. Chunga ukanushaji. Ripoti ikisema korioamnionaitisi (uvimbe wa utando wa kondo) haipo, anayesaka neno tu ataihesabu ipo. Watu wawili wasome sampuli kwa macho, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe na programu.

6. Data za kufundishia programu na za kuipimia zigawe kwa kufuata mama, yote ya mama mmoja yakae upande mmoja. Mapacha wasitenganishwe.

MASWALI

– Mkuu nirushie data nianze, kibali kitafuata.
Hapana. Namba 1.

– Nitumie algorithimu (kanuni ya kukokotoa ya kompyuta) gani?
Una rejista ya leba? Kama huna, bado hujafika huko.

– Uzito wa kondo nautumia ulivyo?
Swali zuri sana. Angalia mambo mawili: lilipimwa bichi au baada ya kulowekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, maana formalini huliongezea uzito, na kama kamba ya kitovu na utando vilikatwa kwanza, kama Amsterdam wanavyotaka. Vipimo vya aina mbili visikae safu moja. Kisha linganisha na umri wa mimba. Gramu 400 za wiki ya 32 si sawa na gramu 400 za wiki ya 40.

– Nje ya mada kidogo: chembe nyeusi zote kwenye slaidi ya kondo, chini ya hadubini, ni malaria?
La. Formalini yenye asidi huacha chembe zinazofanana nazo, na aina zote mbili hung'aa kwenye mwanga wa polaraizi (uliochujwa utetemeke upande mmoja). Tazama zilipokaa: za malaria utazikuta ndani ya makrofaji (seli zinazomeza uchafu) na kwenye faibrini (nyuzi za damu iliyoganda), za formalini zimelala juu ya damu. Tumia formalini ya asilimia 10 yenye bafa (kizuia asidi), na kwenye data weka safu ya aina ya formalini.