Anza na Marko: namna ya kumjua Yesu na kumjibu

Nafundisha darasa la ubatizo wa watu wazima katika usharika wa Kilutheri hapa Tanga. Wanaokuja ni wa kila namna: kijana wa bodaboda aliyechumbia binti wa Kikristo, mama aliyelelewa madrasa na bado anamheshimu ustadhi wake, mzee aliyebatizwa utotoni ambaye sasa anataka kuanza upya. Wote nawapa kazi moja ya kwanza: soma Injili ya Marko yote, ndipo uniulize habari za madhehebu, Utatu au mwisho wa dunia.

Marko ina sura 16 tu. Msomaji wa kawaida huimaliza kwa muda usiozidi saa mbili. Kama macho yamechoka, isikilize kwenye simu huku ukipika au ukisubiri abiria. Tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version ina Kiswahili kitamu lakini kizito. Asiyeizoea achukue Biblia ya Habari Njema. Shika kalamu, na kila mahali mtu anapouliza au kusema Yesu ni nani, weka alama. Utashangaa alama zitakavyojaa. Ndugu zake wanasema amerukwa na akili (3:21, yaani sura ya 3, mstari wa 21). Watu wa kijijini kwao wanasema ni seremala tu, mwana wa Mariamu (6:3). Pepo wanamtambua mapema kuliko wanafunzi wake.

Kwenye sura ya 2 usipite haraka. Watu wanne wanatoboa dari huko Kapernaumu na kumshusha rafiki yao aliyepooza, naye Yesu, kabla ya kumponya, anamwambia, "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Mtu huyo hakuwa amemkosea Yesu; ndiyo kwanza wanaonana. Waandishi, yaani walimu wa Sheria ya Musa, waliokaa pale wakawaza kwamba anakufuru, kwani nani awezaye kusamehe dhambi ila Mungu peke yake? Hoja yao ni sahihi kabisa. Nawaambia wanafunzi wangu: fuata hoja hiyohiyo mpaka mwisho wake. Ama huyu amekufuru, ama Mungu mwenyewe amekaa nyumbani mle. Kisha Yesu anamwambia yule mtu ajitwike godoro lake aende zake, naye anakwenda.

Wavuvi wa hapa kwetu, wanaoijua kusi inavyochafua bahari, huelewa haraka mwisho wa sura ya 4. Yesu amelala kwenye shetri, nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, amechoka kama mtu yeyote aliyeshinda akihubiri. Anaamshwa, anaukemea upepo, bahari inatulia shwari. Wanafunzi wanaingiwa na hofu kuu kuliko ile ya dhoruba, wanaulizana, "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?" Uchovu ule ni wa kweli, na mamlaka yale ni ya kweli. Imani ya Kikristo inashika yote mawili kwa mtu mmoja, na ukiachia moja umebaki na Yesu mwingine.

Hapa Tanga swali la "Mwana wa Mungu" haliepukiki. Jirani zetu Waislamu wanamheshimu Isa bin Mariamu na wanakiri kwamba mama yake alikuwa bikira. Tusiwadharau hata kidogo tunapozungumza nao. Ila wanaposikia tunamwita Mwana wa Mungu, wajue kwamba hakuna Mkristo anayefundisha kwamba Mungu alioa akazaa. Soma Yohana sura ya 1: aliyekuwako tangu mwanzo kwa Mungu, naye ni Mungu, alifanyika mwili akakaa kwetu. Hiyo ndiyo maana yetu.

Sasa angalia Marko alivyogawa habari zake. Kuanzia sura ya 11 hadi ya 16 anasimulia juma moja tu, la Yerusalemu. Miaka yote ya uhai wa Yesu, na theluthi nzima ya kitabu ni juma la kufa kwake! Sababu ameitaja Yesu mwenyewe katika 10:45, kwamba alikuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya nafsi za wengi." Kisha tazama Baraba, mwasi aliyehusika na mauaji, akifunguliwa siku ileile Yesu anaposulubiwa. Soma mahali hapo polepole, ujiweke kwenye nafasi ya Baraba.

Ukitaka kujua kama mambo haya yana mizizi katika historia, yanayo. Pontio Pilato, liwali wa Kirumi aliyeamuru Yesu asulubiwe, alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na jiwe lenye jina lake lilipatikana Kaisaria mwaka 1961. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato.

Kuhusu kufufuka, mimi humtazama sana Yakobo. Alikuwa ndugu wa Yesu, wa nyumba moja, na Yohana 7:5 inasema ndugu zake hawakumwamini. Baadaye tunamkuta ni nguzo ya kanisa la Yerusalemu, na Josephus, mwanahistoria Myahudi, anaandika kwamba alihukumiwa kupigwa mawe. Nini kingemfanya mtu amwite Bwana ndugu yake aliyekula naye sahani moja, tena baada ya ndugu huyo kufa kifo cha aibu? Paulo anajibu katika 1 Wakorintho 15: Yesu mfufuka alimtokea Yakobo. Anataja pia zaidi ya watu 500 waliomwona kwa pamoja, wengi wao wakiwa bado hai alipoandika. Mimi naamini alifufuka, na kwa sababu hiyo naongea naye kila asubuhi kama aliye hai.

Ukifika hapo, mjibu. Tafuta mahali pa faragha, hata kama ni nyuma ya banda la kuku, umwambie kwa lugha unayoota nayo, iwe Kiswahili, Kisambaa au Kidigo. Waweza kusema hivi: "Bwana Yesu, nimeona wewe ni nani. Nimetenda mabaya haya na haya. Ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nisamehe, unitawale." Pale penye "haya na haya" taja vitu kwa majina yake. Kama kuna fedha ya kikoba uliyoila, itaje, kisha uirudishe. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne. Kama imani yako ni kidogo, azima maneno ya yule baba wa Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mwanawe aliponywa kwa imani ya kiasi hicho.

Usisubiri kutetemeka wala kulia. Wengine hulia, wengine husikia njaa tu wakaenda kula. Ahadi ni ya Kristo, haipandi na kushuka pamoja na moyo wako.

Na tafadhali, usimpe mtu yeyote fedha ili akuombee uokoke. Simoni wa Samaria alitaka kununua karama ya Mungu, Petro akamjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Mafuta na maji ya upako yanayouzwa kwa bei hayamo katika jambo hili. Wala usimfuate Yesu kwa ajili ya ajira au mchumba peke yake. Mwombe Mungu hayo, ni Baba yako anayesikia, lakini mfuate Yesu mwenyewe.

Juma hilohilo mwambie Mkristo mmoja unayemwamini, kisha mwone mchungaji au mwinjilisti wa karibu, uandikishwe darasa la ubatizo. Kama nyumbani watakuchukia kwa uamuzi huu, mwambie mchungaji mapema, na uendelee kuwaheshimu wazazi, kuwasalimu na kuwahudumia. Uliza pia kuna jumuiya ya nyumba kwa nyumba mtaani kwako siku gani. Huko ndiko utakakojifunza kusali kwa sauti.

Ukimaliza Marko, endelea na Yohana, halafu Matendo ya Mitume, halafu Warumi. Maswali yaandike kwenye daftari, uje nayo darasani. Kitabu cha Ufunuo tutakisoma pamoja baadaye.