Namna ya kumwimbia mgonjwa anayekaribia kuondoka

Huku kwetu Mbeya na Njombe mgonjwa akizidiwa watu wanakuja kweli, saa nyingine kwaya nzima inajaa chumbani na kinanda juu, nia ni njema kabisa ila mara nyingi tunaimba kwa ajili yetu sisi. Mimi nasema mgonjwa ndiye kiongozi wa wimbo, hata kama hawezi tena kufungua mdomo.

Kwanza maumivu. Kama anagugumia usiku kucha nenda hospitali uulizie tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mwenye ugonjwa mzito, na mofini ya kunywa, ile dawa kali ya maumivu, hakuna wimbo unaofanya kazi ya dawa. Cicely Saunders, yule daktari aliyefungua hospisi, yaani nyumba ya kutunza wanaokaribia kufa, ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu wa hivi yako mwilini, akilini, kwenye familia na rohoni kwa pamoja, kwa hiyo dawa na wimbo viende pamoja.

Muulize mapema, angali anaongea, anapenda nini. Usijiamulie tu kwa sababu ni mzee wa kanisa, huenda anatamani ngoma ya Kinyakyusa aliyocheza ujanani, au kama ni Mhehe anataka kusikia ligombo, ile ala ya nyuzi ya Kihehe, basi mtafutie hata kwenye simu. Na lugha pia, wengine wakichoka wanarudi kwenye lugha ya utotoni. Halafu jamani nyimbo za msiba tuziache mpaka azitake mwenyewe, sio mtu yuko hai anasikia anaimbiwa mazishi yake!

Sasa kuimba kwenyewe. Watu wawili watatu wanatosha, mkae msisimame juu yake, spika msiwashe. Angalia kifua chake. Kama anahangaika na anapumua haraka anza na mwendo unaokaribiana na wake halafu punguza taratibu, usianze na wimbo wa pole kabisa maana hautampata, na kama pumzi imeshaanza kukatika na kurudi acha maneno, vumisha tu sauti chini anapotoa pumzi na ile nafasi tupu usiijaze. Akikunja uso, akigeuza kichwa au akianza kuvutavuta shuka, nyamaza. Dakika 10 au 15 zinatosha, kisha kaeni kimya naye.

Akiacha kuitikia usianze kuongelea shamba na urithi pale kitandani. Mwaka 2020 watafiti wa Vancouver, Kanada, walitoa matokeo ya kupima ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitikii tena, na baadhi yao ubongo bado ulikuwa unapokea milio. Kama wanaelewa maneno hicho kipimo hakionyeshi, lakini kwangu inatosha kabisa kuendelea kumwita jina na kumwambia nani kaingia.

Upande wa roho, sikiliza kuliko kuhubiri. Akiuliza "nitapona kweli?" usimwambie "utapona tu bibi", muulize nini kinamsumbua moyoni, mara nyingi utakuta kuna mtu anataka kumwomba msamaha au kuna mtoto yuko Dar hawajaongea miaka, mpigieni simu siku hiyohiyo. Mkatoliki aitiwe padri ampe mpako wa wagonjwa mapema, fahamu zikiwa bado zipo. Kwa Muislamu uliza familia kabla ya kuleta muziki wowote, wengi watataka asomewe sura ya Yasini na akumbushwe shahada, yale maneno ya kukiri imani, kwa sauti ya chini, bila kumlazimisha airudie.

Kingine, baridi ya Makete mwezi wa saba inafanya watu waingize jiko la mkaa ndani wafunge madirisha, mnakaa pale mnaimba kumbe hewa inawaua wote, toeni jiko nje mmwongezee blanketi.

Na yule anayemuuguza kila siku, mara nyingi binti au mkwe, usimwachie tu "poleni" ukaondoka, mwambie dada nenda kalale, leo zamu ya usiku ni yangu.