Pushapu kwenye mawe ya Mwanza

Wana Mwanza, jimu ya bure tunayo: mawe. Kama pushapu za chini zinakushinda, weka mikono kwenye jiwe la usawa wa kiuno, nyoosha mwili kuanzia kichwa hadi visigino, shusha kifua taratibu. Ukizoea, hamia jiwe la usawa wa magoti, kisha ardhini. Jiwe likiwa fupi zaidi, mikono hubeba uzito mkubwa zaidi. Wanaovamia ardhi siku ya kwanza ndio hao unawaona migongo imebonyea. Kwa mazoezi ya miguu, kupanda kilima cha Capri Point kunatosha kabisa. Jiwe lenye umande achana nalo. Na jasho usiende kuliogea ziwani, hasa penye matete: vijidudu vya kichocho hupenya ngozi hata isiyo na jeraha.