Kempa ikipaki uani kwako: jinsi ya kuipa umeme wa soketi ya nyumbani

Kiangazi kikianza Kigoma tunaanza kuyaona haya magari ya kulala, kempa, yenye kitanda na jiko na friji humohumo ndani, mengine yametoka Afrika Kusini kwa barabara na mengine yana namba za Ujerumani au Uholanzi. Wenyewe wanafuata sokwe wa Gombe na Mahale, na huko gari haliendi, unapanda boti, kwa hiyo gari linabaki mjini siku kadhaa kwenye uwanja wa mtu, iwe gesti au nyumba ya kawaida tu Mwanga au Kibirizi, na mwenye gari anaomba achomeke umeme ili friji isizime na betri zisife. Mwenyeji anakubali, waya unapita dirishani, kazi imeisha. Mimi ni fundi umeme na naomba sana tusiimalize haraka hivyo, maana nyumba inaweza kuungua na mtu anaweza kupigwa shoti kwa kugusa tu mlango wa gari.

Kwanza elewa soketi yako inatoa nini. Soketi zetu za pini tatu bapa ni za ampia 13, na umeme wetu ni volti 230, ukizidisha unapata kama wati 2990, yaani hata elfu tatu haifiki, na hiyo ni kiwango cha juu kabisa, ukiibebesha hivyo masaa mengi plagi inachemka na soketi ya bei rahisi inaanza kuyeyuka. Mimi nashauri kwa kazi ya usiku kucha usivuke ampia 10, kama wati 2300. Sasa kempa ya Ulaya ina kichwa cha bluu cha pini tatu za duara cha ampia 16, na kempa kubwa ya Marekani ndo usiseme, zipo za ampia 30 na za ampia 50 zenye laini mbili, hiyo ya 50 ni wati elfu kumi na mbili. Kwa hiyo mgeni amezoea kambi za kwao ambako anawasha kila kitu kwa pamoja, akija kwako akawasha kiyoyozi huku jagi la umeme linachemsha maji, jagi peke yake wati 2000 na zaidi, hapo fyuzi ya kwenye plagi ikikatika mshukuru Mungu imefanya kazi yake. Usiibadilishe kwa kipande cha waya!

Nachotaka mwenyeji na mgeni wakubaliane kabla ya yote ni hiki, soketi ya nyumbani ni ya kujaza betri za gari na kuendesha friji, taa na simu, basi. Chaja ya betri ya ampia 30 inavuta kama wati 500, friji ile inayotumia gesi na umeme inavuta kama 150, ukijumlisha hata wati 700 hazifiki, soketi inabeba bila kuhangaika. Kupika wapike kwa gesi yao.

Sasa ethi, yaani ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, na hapa soma taratibu. Kempa imekaa juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo haijagusana na ardhi. Ikitokea waya wa laivu, ule unaoleta umeme, umechubuka ndani ukagusa bodi, bodi lote linakuwa na umeme na hakuna kinachoonekana, hakuna moshi, hakuna breka (swichi ya kujikata yenyewe) inayoanguka, mpaka mtu aliyesimama peku kwenye udongo wenye maji ashike mlango, na hapo yeye ndo anakuwa njia ya umeme kwenda chini. Ethi ya nyumba ndo inatakiwa ichukue huo umeme kabla yake. Na nyumba nyingi za zamani ninazoingia, ethi ipo kwenye soketi lakini ukifuata ule waya mpaka nje unakuta umekatika kwenye rodi, ile nondo iliyochomekwa ardhini, au rodi yenyewe haipo.

Kupima sio kazi kubwa, mwite fundi mwenye mita, usitegemee ile testa ya bisibisi inayowaka taa maana hiyo haikuambii chochote kuhusu ethi. Fundi apime laivu na nyutro (waya wa kurudishia umeme), apate kama 220 mpaka 240. Apime laivu na ethi, apate karibu namba ileile. Apime nyutro na ethi, apate karibu na sifuri. Ukiona laivu na ethi inasoma nusu au haisomi kitu, ethi hakuna, usichomeke gari la mtu hapo. Aangalie pia laivu iko upande wake, soketi zilizogeuzwa nimekutana nazo nyingi tu, vifaa vinawaka kama kawaida ila ukizima swichi ndani ya gari umeme unabaki umo kwenye waya. Halafu kwenye meni swichi kuwe na RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata umeme mara moja ukianza kuvuja, ile yenye kitufe cha kujaribia, kibonyeze, isipokata haifai. Kama nyumba haina, zipo za kuchomeka kwenye soketi, na gharama yake ni ndogo kuliko jeneza.

Mambo ya plagi. Kuna ule mtindo wetu wa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu halafu unasukuma plagi ya pini mbili za duara, kwa chaja ya simu watu wanafanya kila siku, kwa kempa hapana kabisa, hapo ethi umeiacha nje na ile plagi inacheza kwenye tundu, na plagi inayocheza inatoa cheche na kuchemka. Tengeneza waya mfupi wa kuunganishia, upande mmoja plagi yetu ya ampia 13 yenye fyuzi, upande mwingine kike cha bluu cha ampia 16, waya wenye nyaya tatu ndani. Wageni wengi wanakuja nao tayari, uangalie tu hali yake.

Na waya wa ekstensheni, jamani. Ile nyembamba ya kuchomekea tivii na redio haifai. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, na kama ni mfupi na mzigo ni chaja na friji tu basi 1.5 inatosha. Nikupe hesabu, waya wa mita 30 wa 2.5 ukipitisha ampia 10 unapoteza kama volti 4, ukitumia wa milimita 1 unapoteza zaidi ya volti 10, na hizo volti hazipotei hewani, zinageuka joto kama wati 100 ndani ya waya wenyewe. Ndo maana ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu lazima uifungue yote hata kama gari liko mita tano, ikibaki imezungushwa joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka ndani kwa ndani. Maungio yaweke juu ya tofali, sio chini kwenye nyasi, waya usipite chini ya geti wala chini ya tairi, na kama uani kuna mbuzi upitishe juu.

Kuunganisha kuna mpangilio wake. Zima kila kitu ndani ya gari na breka yake kubwa, chomeka upande wa gari kwanza, halafu upande wa ukutani, washa soketi, ndipo uwashe breka ya gari na vifaa kimoja kimoja. Baada ya nusu saa shika plagi kwa mkono, vuguvugu sawa, ikiwa ya moto punguza mzigo au badilisha soketi. Kuchomoa ni kinyume chake, unaanza ukutani, ili kusiwe na ncha yenye umeme inayoning'inia mkononi kwako.

Kempa ya Marekani ni habari nyingine, usiichomeke moja kwa moja hata kama adapta inaingia vizuri. Kwao ni volti 120 na hezi 60 (hezi ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde), kwetu 230 na hezi 50, adapta inabadilisha umbo la pini tu, volti inaziacha vilevile, na maikrowevu yake utaisikia harufu. Transfoma ya kushusha inarekebisha volti ila hezi haigusi, kwa hiyo mota za kiyoyozi bado zinaweza kupata shida. Njia salama ni chaja ya betri iliyoandikwa 100-240V, 50/60Hz, unachomeka hiyo chaja tu, inajaza betri, na vile vya volti 120 vinakula kupitia inveta ya gari lenyewe, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa soketi.

Umeme wetu mnaujua, unakatika na ukirudi unarudi kwa kishindo, na jioni volti zinashuka. Weka kilinda friji, kile kisanduku kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, hakikisha wati zake zinatosha. Na mvua za radi zikianza, na radi za huku sio za mchezo, chomoa ukutani kabisa, kuzima swichi hakutoshi.

La mwisho ni hela, maana hapa watu wanakosana bure. Friji ya wati 150 ikikaa siku nzima ni uniti 3.6, weka chaja unafika kama uniti 5 kwa siku, siku sita ni 30. Kama nyumba yako ni ya matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hizo 30 zinaweza kukutoa kwenye bei ya chini, na mgeni hajui hilo, mweleze mapema bila aibu. Fungeni kamita kadogo kwenye waya wa gari, au msome LUKU wote wawili siku ya kwanza na ya mwisho ukitoa matumizi yako ya kawaida. Na akipanda boti kwenda Mahale aache hela ya LUKU na namba ya kumpata, halafu umuulize kabisa umeme ukikata siku nzima friji ufanyeje, uiache au utoe nyama.